Kiti cha Themanini na Saba

Chupa ya maji ilikuwa bado na lebo yake.

Inspekta aliisimamisha juu ya meza ya chumba cha vielelezo, akaizungusha kwa ncha za vidole vilivyovaa glavu. Maji yalikuwa yamejaa na kizibo hakijafunguliwa. Kando ya chupa kulikuwa na begi la mgongoni, simu, na kifuko cha plastiki kinachoonyesha vilivyomo: kalamu mbili za wino wa buluu, penseli, kifutio, na kitambulisho cha mwanafunzi. Kifuko hakikuwa cha dukani. Kilishonwa kwa mkono, mishono midogo iliyopangwa kama punje za mtama, uzi wa buluu.

"Hiyo ni kazi ya mama wa marehemu," alisema Sajini, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na faili kwapani. "Ni fundi cherehani. Chuo hakiruhusu kuingia na kifuko kisichoonyesha ndani, basi akamshonea hicho."

"Chupa hii ilikutwa wapi?"

"Ndani ya begi. Na begi lilikuwa chini ya mwili. Afande, hayo yote nimeyaandika."

Alikuwa ameyaandika kweli. Siku tatu zilizopita, saa sita na nusu mchana, binti wa fundi cherehani, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alikutwa amekufa katika chumba cha pampu nyuma ya ukumbi wa mitihani, kichwa kimepasuka kwa pigo moja, sakafu imejaa maji. Mtihani ulikuwa umeanza saa tatu na kwisha saa sita. Karatasi ya mahudhurio ilionyesha kwamba alikuwamo ukumbini, kiti cha themanini na saba. Daktari alisema kifo kilitokea kati ya saa mbili na saa tano, zaidi ya hapo hakutaka kuapa. Chumba cha pampu kilikuwa na mlango mmoja, kufuli moja na ufunguo mmoja, na ufunguo huo alikuwa nao msafishaji. Wanafunzi wote walikuwa ndani wakiandika. Aliyekuwa nje alikuwa msafishaji.

Saa nane mchana wa leo angepandishwa gari kwenda mahakamani kusomewa shitaka la kuua.

"Na ujumbe wa kwenye simu?" Inspekta aliuliza.

Sajini alifungua faili akasoma kwa sauti isiyo na rangi. "'Mwalimu, naomba kukuona kabla ya saa tatu. Maswali ya leo yapo nje, nami ninamjua aliye nayo.' Haukutumwa. Uliishia kuandikwa tu, saa mbili na dakika kumi na tatu. Mwalimu mwenyewe alikuwa safarini, nimethibitisha. Lakini msafishaji husafisha ofisi ya mitihani kila jioni. Aliyaiba maswali, binti akajua, akamnyamazisha. Mkuu wa kituo ameridhika."

"Wewe umeridhika?"

"Mimi, afande, nimechoka."

Inspekta alivua glavu. Katika ubao wa matangazo wa chuo alikuwa amesoma masharti ya siku ya mtihani, na sharti moja lilikuwa limemkaa kichwani tangu jana kama mwiba wa samaki kooni. Mtahiniwa aweza kuingia na chupa moja ya maji, isiyo na rangi wala lebo. Binti aliyeshonewa kifuko ili asivunje sharti dogo kama lile alikuwa ameingia ukumbini na chupa yenye lebo?

"Huenda alitoka katikati ya mtihani, akanunua nyingine," alisema Sajini.

"Akalichukua na begi lake?"

Sajini alilifunga faili. Walipotoka walipita mbele ya benchi la mapokezi. Mke wa msafishaji alikuwa ameketi palepale alipokuwa jana, na sweta la mumewe limekunjwa mapajani.

"Afande," alisema bila kuinuka, "nimeambiwa huko wanakompeleka ni baridi. Mtampa hili, au nalo ni kielelezo?"

"Kaa nalo kwanza, dada," Inspekta alimjibu.

*

Ukumbi wa mitihani ulikuwa na mlango mmoja wa kuingilia na mwingine wa dharura uliopigwa lakiri. Vyoo vilikuwa ndani, upande wa nyuma, kwa hiyo aliyetaka kwenda haja hakulazimika kutoka nje. Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa ukiendelea. Barazani, nyuma ya meza ndefu iliyopangwa mabegi, aliketi mlinzi ambaye wanafunzi walimwita Babu Kibati, kwa sababu ya vipande vya bati vyenye namba alivyowapa walioacha mali zao kwake. Chini ya meza kulikuwa na ndoo iliyofurika lebo za chupa.

"Shikamoo," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Sema polepole. Humo ndani hata chafya inaombewa ruhusa."

"Lebo hizi anazibandua nani?"

"Akizisahau mwenyewe, nazibandua mimi. Lebo haipiti. Mwaka juzi kijana mmoja aliandika kanuni nzima za hesabu upande wa ndani wa lebo, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Maji anakunywa, na darasa analisoma." Alitikisa kichwa. "Akili ile angeitumia kusoma, sasa hivi angekuwa waziri."

"Na begi?"

"Begi haliingii. Hata akija mkuu wa chuo na begi lake, nitamwamkia kwanza, kisha nitalichukua."

"Mtu akitaka kulichukua kabla ya kengele?"

"Hapewi. Kibati kinarudi baada ya kengele. Nina miaka kumi na tisa hapa, sijampa mtu."

Sajini aliingilia kati. "Mzee, na asiye na begi?"

"Hupewa kibati vilevile. Ana simu, ana saa ya mkononi, ana kofia. Hata asiye na kitu hupewa. Bila kibati hapiti mtu, ndiyo hesabu yangu."

Inspekta alisogea karibu. "Siku ile ulitoa vibati vingapi?"

Mzee alilamba kidole, akafungua daftari lake lililokuwa na jumla za siku peke yake, tarehe kushoto, jumla kulia. "Mia mbili na kumi na moja."

"Karatasi ya mahudhurio inasema watahiniwa mia mbili na kumi na wawili."

"Basi wasimamizi wana macho mengi kuliko mimi."

"Mbona hukutuambia?" Sajini aliuliza kwa ukali.

"Mliniuliza kama nilimwona msafishaji amepita. Nikasema nilimwona, maana hupita kila siku. Mkanishukuru mkaenda zenu." Alifunga daftari. "Mtu hujibu alichoulizwa, mwanangu. Ukijibu na usichoulizwa, polisi wanakupenda, hawakuachi tena."

Inspekta alikaribia kutabasamu. "Basi nakuuliza. Asubuhi ile uliona jambo lolote lisilo la kawaida?"

Mzee alifikiri. "La kawaida tu. Mmoja alilia, mmoja alisahau kitambulisho akarudi mbio bwenini. Na wa mwisho kabisa alifika saa tatu kasoro dakika mbili, viatu vinatoa maji chwaka chwaka. Nikamwuliza, wewe, umetoka kuvua samaki? Akacheka. Nikampa kitambaa apanguse, asije akateleza sakafuni."

"Ni nani?"

"Majina yao siyajui, nawajua kwa mabegi. Lake ni jeusi, mkanda mmoja umeshonwa upya. Kijana wa adabu, husaidia kubeba maboksi." Alinyoosha kidevu kuelekea mezani. "Lile pale, la tatu kutoka ukutani."

Sajini alitaka kulifuata, Inspekta akamshika mkono. Viatu vilivyolowa havimfungi mtu. Mabomba ya chuo yalivuja kila mahali, na wakili wa mwaka wa kwanza angeweza kulisema hilo. Lililomfunga msafishaji lilikuwa karatasi moja iliyosema binti yule alikuwa hai ukumbini saa tatu. Karatasi hiyo ilipaswa kuondolewa kwanza.

"Nenda ofisi ya mitihani," alimwambia Sajini. "Waombe kijitabu cha majibu cha themanini na saba. Kije na bahasha yake."

*

Msimamizi mkuu wa ukumbi alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Aliitwa Mama Kengele, nayo kengele yenyewe, ya shaba na mpini wa mbao, ilikuwa mbele yake katika chumba kidogo chenye dirisha la kioo lililotazama ukumbini. Nyuma ya kioo vichwa zaidi ya mia mbili vilikuwa vimeinama. Wasaidizi wawili walitembea kati ya safu, viatu vyao vimevalishwa soksi ili visitoe sauti.

"Nina saa moja kasoro," alinong'ona Mama Kengele. "Saa sita kamili nisipogonga, nitakuwa nimewaongezea muda."

"Haitafika huko, mama. Nieleze tu utaratibu. Mtahiniwa akishaketi, inakuwaje?"

Hapo uso wake ulilegea, kwa kuwa alikuwa ameulizwa jambo analolijua. Alieleza kwamba kitambulisho huwekwa pembeni ya meza, uso juu. Kijitabu huwa kimekwisha wekwa. Kabla ya kuligusa swali, mtahiniwa huandika namba yake juu ya jalada kwa mkono wake mwenyewe. Kisha msimamizi hupita, hulinganisha sura na picha, na kutia alama ya vema kwenye karatasi ya mahudhurio. Kwa nusu saa ya kwanza hakuna kutoka, na robo saa ya mwisho vilevile. Mwisho vijitabu hukusanywa kwa mpangilio wa viti na kuhesabiwa mara mbili.

"Vikipungua?"

"Havipungui."

"Vikipungua, mama."

"Milango hufungwa hadi kipatikane. Na msimamizi huandika barua ya kujieleza."

"Wewe umewahi kuiandika?"

"Miaka ishirini na sita, sijawahi." Alivaa miwani yake, akaivua. "Nimebakiza miezi mitatu nistaafu."

Inspekta alitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwa mwanamke yule. "Wino huo ni mwekundu."

"Mwekundu ni wa wasimamizi na wasahihishaji. Mwanafunzi hakanyagi humu na kalamu nyekundu, tunamnyang'anya mlangoni."

Sajini aliingia bila kubisha hodi, amebeba bahasha ya kaki. Inspekta aliifungua, akakitoa kijitabu akakiweka juu ya meza, kando ya kengele. Kurasa zake zilikuwa tupu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Pini za chuma zilikuwa bado zimenyooka, na mgongo haukuwa na alama ya kukunjwa hata mara moja. Juu ya jalada, katika kisanduku cha namba ya kiti, mtu alikuwa ameandika themanini na saba.

Kwa wino mwekundu.

Upande wa pili wa kioo mtahiniwa mmoja aliinua mkono, msaidizi akamfuata na karatasi ya ziada na kipande cha uzi wa kufungia.

"Kifuko chake kina kalamu mbili," alisema Inspekta kwa upole. "Zote za buluu. Mama yake ndiye aliyezinunua."

Mama Kengele aliitazama namba ile kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe juu ya kaburi. "Mkono umezoea," alisema. "Sikufikiri hata kidogo. Mkono ulichukua kalamu yake."

"Ulihesabu vikawa mia mbili na kumi na moja."

"Nilihesabu mara tatu. Nikasema kuna mtoto ametoka nacho, na mimi sikumwona. Kijitabu kikitoka nje, mtihani mzima hufutwa, wote wanarudia, na mimi naondoka bila cheti cha shukrani wala mafao. Nikachukua kitupu ndani ya boksi." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Nikasema, atapata sifuri yake, ni haki yake aliyetoroka na kijitabu. Nikatia lakiri. Nusu saa baadaye wakaja kusema kuna maiti kwenye pampu."

"Na ukanyamaza."

"Nilisema, labda ni huyo msafishaji kweli. Kila usiku nikisema, labda ni yeye kweli."

"Ameketi mahabusu siku ya tatu, mama. Mkewe yuko benchini na sweta. Saa nane wanampeleka."

Mama Kengele alifunika uso kwa viganja. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini Inspekta hakuwa na nafasi ya kumhurumia wala ya kumlaumu. Bado kulikuwa na swali moja, na majibu yote mengine yalikuwa yakilisubiri.

"Kijitabu kilikosekana mwishoni. Lakini alama ya vema kwenye mahudhurio uliitia asubuhi. Ulimtilia vipi mtu ambaye kiti chake kilikuwa kitupu?"

"Hakikuwa kitupu. Yaani, kilikuwa kitupu, lakini..." Alitafuta maneno. "Niliambiwa yuko chooni. Anatapika kwa woga, wengi hutapika siku ya kwanza. Nikaambiwa, mama mtilie tu, anakuja sasa hivi, usije ukamwandika hakuhudhuria akapoteza mwaka. Nikauliza, na kijitabu chake? Nikaambiwa, kaenda nacho, anaogopa mtu asije akamwandikia humo. Nikaona huruma. Nilikuwa na safu nane bado."

"Nani aliyekuambia?"

"Aliyekaa nyuma yake. Themanini na nane. Si mtu wa kumshuku, afande. Ndiye kiongozi wa darasa."

Sajini alikuwa ameanza kuandika. Kalamu yake ilisimama.

"Mwenzake alikuwa amekwisha kufa," alisema Inspekta. "Na kijitabu, huyo kiongozi ndiye aliyekiondoa mezani, kiti kionekane cha mtu aliyekuwapo. Kiongozi wa darasa hubeba maboksi kutoka ofisi ya mitihani?"

"Kila mara. Siku moja kabla."

"Na chumba cha pampu?"

"Maji yakikatika na msafishaji yuko mbali, tunamtuma yeye akawashe. Ufunguo huwa msumarini, nyuma ya ukumbi. Wote tunajua."

Msafishaji alikuwa amelisema hilo tangu saa ya kwanza. Ufunguo huwa msumarini, alisema, waulizeni. Sajini aliandika maneno hayo katika maelezo yake, kisha chini yake akaandika: anajitetea. Sasa aliyatazama maandishi yake akalifunga faili.

"Mmoja wa wanafunzi alisoma risala ya rambirambi nyumbani kwa wafiwa," alisema polepole. "Kijana mrefu, kwa niaba ya darasa. Mama mtu alimkumbatia."

"Ndiye," alisema Mama Kengele.

Aliwaonyesha kwa kidole, kupitia kioo. Katika safu ya nane kulikuwa na kiti kimoja kitupu, ambacho leo hakuna aliyekitilia vema. Nyuma ya kiti hicho kijana mrefu alikuwa akiandika bila haraka, mgongo umenyooka. Mbele yake, pembeni ya meza, palikuwa na kitambulisho, uso juu.

"Tumtoe sasa," alisema Sajini.

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na nne.

"Kuna wengine mia mbili humo, nao hawakuua mtu. Mlango ni mmoja na wewe utausimamia. Kwanza mpigie mkuu wa kituo, gari la mahakama lisiondoke. Mwambie shahidi wake mkubwa alikuwa karatasi, na karatasi imesema uongo. Kisha mpigie mapokezi, dada yule wa sweta ajulishwe."

Sajini alitoka. Mama Kengele alichukua karatasi safi kutoka mtotoni mwa meza, akauliza barua ya kujieleza iandikwe kwa nani, kwa chuo au kwa polisi.

"Kwa wote wawili," alisema Inspekta. "Na kwa buluu."

Aliandika dakika zile zote bila kuinua kichwa. Saa sita kamili aliweka sahihi yake, akavaa miwani, akaichukua kengele akatoka nayo ukumbini. Aligonga mara tatu.

"Kalamu chini."

*

Walitoka safu kwa safu, wengine wakicheka kwa sauti kubwa mno kama watu waliofunguliwa minyororo, wengine wakibishana tayari kuhusu swali la pili. Babu Kibati alipokea vibati na kutoa mabegi. Kijana mrefu alikuja katikati ya kundi. Aliwapisha wawili waliokuwa na haraka, akakabidhi kibati chake kwa mikono miwili.

"Ahsante, babu."

"Leo miguu ni mikavu," alisema mlinzi.

Kijana hakucheka. Alikuwa amekwisha waona Sajini mlangoni na Inspekta aliyesimama kando ya meza. Inspekta ndiye aliyelinyanyua begi jeusi, la tatu kutoka ukutani, lakini hakumpa. Aliugeuza mkanda wake kuelekea mwangani. Ulikuwa umekatika zamani, kisha ukashonwa upya kwa uzi wa buluu, mishono midogo iliyopangwa kama punje za mtama.

Aliitazama kwa muda. Mishono ile ile alikuwa ameishika asubuhi.

"Nani alikushonea mkanda huu?"

Kijana alilitazama begi lake. Nyuma yao wanafunzi wa mwisho walikuwa wakitoka ukumbini, na vibati vikilia kimoja kimoja ndani ya mkebe wa mzee.

"Mama yake," alisema. "Alikataa nimlipe."